Upepo wa Nesitu na Magunia Sita ya Makaa

Mafundi wenzangu, siku mliyoniaga mlitaka nitoe hotuba. Nikakataa, mkanuna. Hotuba za kustaafu nazijua: mtu anasimama, anataja wakubwa wake wote, anashukuru hadi mlinzi wa geti, na watu wote macho yako kwa mbuzi anayechomwa. Kwa hiyo nimeandika. Karatasi haikatizwi na mtu mwenye njaa. Isomeni mkiwa mnangoja jenereta liwashwe, maana muda huo mnao, tena mwingi.

Vyeo siandiki. Mishahara pia siandiki, tusije tukatoneshana vidonda.

Kazi niliianzia Nakuru. Wazazi wangu walikuwa wamekimbilia Kenya nikiwa mgongoni, na nilipomaliza shule nikaenda kuomba nafasi kwenye gereji ya Fundi Njoroge. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akasema, "Hapa kwangu hakuna msichana wala mvulana. Kuna fundi, na kuna mtu anasumbua. Wewe ni gani?" Nikamwambia nitamjibu jioni. Alinipa spana namba kumi na tatu na boliti iliyoshikwa na kutu tangu enzi za babu yake. Ilinichubua vidole vinne lakini ilitoka. Jioni hakuuliza tena.

Kwake nilijifunza kusikiliza injini kwa bisibisi: ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, na utasikia beringi inayolalamika wakati mwenye gari anasikia redio. Nilijifunza kutomwazima mtu yeyote kalipa yangu, kile kifaa cha kupimia unene wa chuma, hata kama analia. Na nilijifunza kwamba kipimo kilichochukuliwa na mtu mmoja peke yake, Njoroge hakukitambua. Alikuwa anamwita fundi wa pili apime tena, na wa pili alikuwa haruhusiwi kuona namba ya wa kwanza. Tulikuwa tunaona ni uzee unamsumbua.

Kisha nikarudi Juba. Nasema nilirudi, ingawa hapa niliondoka mgongoni, sikukumbuka chochote. Chuo kilikuwa kinatafuta fundi wa karakana ya uhandisi, na nilipofika asubuhi ya kwanza nikiwa na sanduku langu la spana, wanaume watatu waliokuwa wamekaa chini ya rakuba, kile kibanda cha miti na makuti, waliniuliza, "Mama, chai iko wapi?" Nikawaambia chai sijui, nyundo iko wapi? Mashine ya kereza, ya kuchongea chuma, ilikuwa bado ndani ya kreti lake la mbao, na kuku walikuwa wanataga juu yake. Ufunguo wa stoo ulikuwa umepotea na aliyeupoteza alikuwa amehamia Wau, mji wa mbali. Nikafungua bawaba za mlango kwa bisibisi. Hivyo ndivyo nilivyoanza miaka yangu kumi na minane, kwa kuvunja stoo ya serikali mchana kweupe.

Kazi yangu kubwa, mnajua, ilikuwa miradi ya mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi lazima achague kitu, akijenge, akipime, kisha akitetee mbele ya jopo. Wengi walichagua kama mtu anayechagua kiatu gizani. Tulikuwa na friji ya jua iliyopasha maziwa moto. Mwaka mmoja mashine ya kupukuchua mahindi ilimrushia mkuu wa kitivo gunzi likampata kwenye paji la uso. Mwenye mashine akapata alama nzuri kuliko wenzake wote, kwa sababu angalau yake ilizunguka.

Sasa nije kwa Keji, maana bila Keji ningetoa ile hotuba nikala mbuzi nikaenda.

Keji alilelewa Kitale, Kiswahili chake ni changu tukiondoa Sheng. Mama yake anauza chai mtaa wa Lemon Gaba. Mwaka wa kwanza wa kujaribu alileta mradi wa bawa la gari la mashindano, umechorwa kwenye kompyuta, rangi nyekundu na buluu zinapita juu ya gari kama kitenge. Daktari, mkuu wa idara yetu, alitazama picha zile, akauliza swali moja tu: "Umelipima wapi?" Keji hakuwa amelipima popote. Wakamrudisha mwaka mzima. Na kanuni ya chuo mnaijua: ukiangushwa mara ya pili, unakwenda nyumbani bila digrii, miaka mitano imekwisha hivyo.

Basi akaja karakana, akasimama karibu na mashine ya kereza.

"Madam Poni, bado nataka mambo ya magari na upepo."

"Wewe mtoto, upepo umekula mwaka wako mmoja, unataka uule na wa pili?"

"Nataka huo huo."

"Utaupimia wapi? Wenzako ng'ambo wana jumba zima la kutengenezea upepo. Sisi tuna feni moja, na inatingisha kichwa kama mzee wa kanisa aliyekataa hoja. Tengeneza mashine ya kupukuchua."

"Ziko ngapi kwa stoo?"

"Kumi na moja."

"Na zinapukuchua?"

Nikajifanya natafuta msasa. Halafu nikajitetea kwa njia nyingine: nikamwambia hapa mjini, kwa mashimo haya, ni nani anaendesha zaidi ya kilomita arobaini kwa saa? Upepo utapambana na gari gani? Akanijibu palepale kwamba barabara ya Nimule ina lami. Nikamwambia aende mtaa wa Gurei, dukani kwa Abdi, akaniletee gundi ya karatasi, nipate kupumua.

Nilimtuma kwa gundi, akarudi na mradi. Abdi ni Msomali wa Garissa anayeuza magodoro kwa jumla, na vitu vidogo vidogo vya duka. Anayapakia juu ya keria ya Probox yake na kuyapeleka kwenye maduka ya njiani hadi Nimule, mpakani na Uganda. Keji alimkuta akimgombeza dereva wake, Taban, kwamba anauza petroli. Siku iliyofuata nikaenda naye kuyasikia mwenyewe.

"Walahi, mama," Abdi akaniambia, "gari ikienda tupu, mafuta inatosha na inabaki. Nikiweka magodoro juu, inakunywa kama ngamia. Na godoro ni kitu gani? Ni hewa tu! Haina uzito. Kwa hivyo ni huyu anaiba."

"Mimi haiko mwizi," Taban akasema. Yeye amekulia Arua, Uganda. "Madam, hii gari ikipanda magodoro inakuwa nzito kwa mbele, kama mtu anashika yeye kifua. Mimi nasikia na mguu."

Keji akanigeukia. Sura yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Umeskia? Anashikwa kifua. Huo si uzito, huo ni upepo. Madam, mimi huo ndio mradi wangu."

Niwaambie ukweli, hapo ndipo na mimi nilipokubali. Mwaka uliopita alikuwa amechagua gari ambalo hakuna mtu Juba analo. Mwaka huu kulikuwa na mtu anayetaka jibu, na mtu mwingine ambaye jibu lingemwondolea jina la wizi. Mkija kuulizwa na wanafunzi wachague nini, waulizeni kwanza ni nani anangoja. Daktari aliidhinisha kwa sharti moja: "Nataka namba za barabarani, sitaki kitenge."

Njia ya kupima tuliipata kwenye kitabu, na haihitaji jumba la upepo. Unatafuta kipande cha barabara kilichonyooka na kilicho tambarare. Unakimbiza gari hadi themanini, unalitia nyutro, unaliacha lijiendee lenyewe, na unahesabu sekunde hadi mshale ushuke arobaini. Upepo ukilishika sana, linapunguza mwendo upesi. Upepo ukilishika kidogo, linachelewa kupunguza. Unafanya mara nyingi, kwenda na kurudi, ili mteremko na upepo wa siku hiyo visikudanganye. Kisha unabadilisha kitu kimoja tu, unapima tena.

Kitu cha kubadilisha Keji alikibuni mwenyewe: ngao ya kufunga mbele ya magodoro, imepinda kama mdomo wa bata, ili upepo upande juu usigonge ukuta. Tuliikata kutoka pipa la plastiki la buluu. Plastiki ile ni ngumu, ukiipasha moto haraka inaungua, ukiipasha polepole inakuchosha, na tuliharibu mapipa mawili kabla la tatu halijakubali. Kisha akanunua uzi wa kusuka nywele, akaukata vipande vya urefu wa kidole, akavibandika kwa gundi juu ya paa na pande zote za magodoro. Uzi ukilala, hewa inapita vizuri. Ukicheza, hewa imevurugika. Taban aliitazama gari yake yenye nywele akasema sasa imebaki hereni.

Kipande chetu kilikuwa karibu na Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, pale malori yanapopumzika. Tuligawana kazi. Taban anaendesha, mimi ndani na stopwochi, Keji nyuma yetu juu ya boda amekaa ubavu, simu mkononi, anapiga picha ya nyuzi. Asubuhi tulipima magodoro bila ngao. Mara kumi. Sekunde zilicheza karibu na thelathini na tano, vizuri kabisa, nikafurahi kama mjinga.

Saa sita tukapumzika. Keji na yule wa boda wakaenda kuchaji simu kwenye duka la pembeni. Mimi na Taban tukafunga ngao. Tulipomaliza, kukawa na muda, na kando yetu kulikuwa na magunia ya makaa yamepangwa mstari. Sasa nyinyi niambieni, nani anafika Nesitu na gari halafu anarudi Juba mikono mitupu? Jirani zangu wangenionaje? Makaa ya Nesitu ni mazito, yanawaka hadi yamalize maharagwe. Nikachukua mawili yangu, mawili Taban, moja la jirani, na moja nikasema nimpelekee mama yake Keji zawadi, kwa sababu mtoto wake anajitahidi. Sita. Tukalaza viti vya nyuma, tukayasukuma ndani, tukafunga mlango kwa goti.

Kisha tukaendelea kupima.

Mara kumi, na ngao. Sekunde arobaini, arobaini na moja. Keji alishuka kwenye boda akaja dirishani akasoma daftari langu, akapiga yowe hadi madereva wa malori wakageuka. "Sita! Madam, sekunde sita!" Tukakumbatiana pale kando ya barabara, mimi mtu mzima. Jioni tukapita Lemon Gaba, na Keji mwenyewe akashusha gunia la mama yake, akalibeba mgongoni hadi ndani, akirudi anacheka vumbi limemjaa usoni. Sisi watatu wote tuliyaona yale makaa. Tuliyashika kwa mikono. Hakuna hata mmoja aliyeyafikiria.

Abdi akaiacha ngao kwenye gari akaitumia wiki tatu. Keji akaandika ripoti yake, Daktari akaisoma akasema "kweis", yaani vizuri, neno ambalo halimtoki ovyo. Ikabaki kutetea, siku ya Jumatatu, mbele ya jopo na mtahini wa nje, profesa mmoja mama kutoka chuo cha nchi jirani.

Jumatano kabla ya hapo Abdi alinisimamisha Gurei.

"Mama, usikasirike. Hii kitu yenu ya buluu, petroli ni ile ile."

Nikakasirika. Nikamwambia mimi nimepima mara ishirini, yeye amepima mara ngapi? Nikamwambia labda amlaumu Taban tena. Nilisema hivyo, na mpaka leo naona haya, kwa sababu Taban alikuwa amesimama pale anasikia. Nikaenda nyumbani na hasira zangu, nikaingia jikoni kupika, makaa ya kwenye ndoo yamekwisha. Nikashika gunia nilivute karibu na jiko. Halikusogea. Nikalivuta tena, mgongo ukanijibu. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Ala! Hili nalo zito hivi?"

Nikakaa juu yake.

Kitu kizito kikishaanza kwenda hakitaki kusimama. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni uliojaa anajua hilo. Asubuhi gari lilikuwa jepesi, mchana lilikuwa na magunia sita. Haikuwa ngao iliyolipeleka mbali, yalikuwa makaa yangu. Tulibadilisha vitu viwili halafu tukakisifu kimoja.

Sitawadanganya kwamba moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye haki. Nilikaa pale nikipiga hesabu nyingine. Nani anajua? Taban hajui hesabu hizi. Profesa hakuwapo Nesitu. Mtoto atapita, mama yake atapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nimebakiza miezi mitatu tu nistaafu. Nikisema, mradi umekufa siku tano kabla ya kuutetea, na ni mimi nimeuua, mimi ninayewapigia kelele wanafunzi kwa kuacha kalipa kwenye jua. Nilitaka kunyamaza. Nilitaka kweli. Lakini kila nilipojaribu kujiona nimekaa nyuma ya ukumbi nikisikiliza mtoto akizisema namba zile kwa sauti yake ya kujiamini, nilishindwa. Nikafunika jiko, nikachukua boda hadi Lemon Gaba.

Keji alikuwa anaosha vikombe vya mama yake. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama. Akaendelea kuosha kikombe kilekile. Halafu akaniangalia.

"Ni wewe ulitufunza kubadilisha kitu kimoja."

"Ni mimi."

"Kila wiki. Ulikuwa unapiga meza."

"Nilikuwa napiga meza, ndiyo. Malesh, mwanangu. Nimekukosea."

Akalia, na mimi nikalia, na mama yake akatoka na kijiko mkononi kuuliza nani amekufa. Akaelezwa. Akatazama gunia lake kwenye kona, lilikuwa nusu, akasema, "Na nimeshayapikia chai ya wiki tatu." Keji akaanza kucheka katikati ya machozi, kicheko cha hasira. Akajifuta kwa mkono wenye povu.

"Gari ya Abdi iko huru lini?"

"Kesho inaenda Nimule. Ijumaa haina safari, Abdi anaswali."

"Basi ni Ijumaa. Madam, na mara hii mimi ndio nakaa ndani. Wewe utapanda boda."

Nikapanda boda, mimi na miaka yangu sitini, simu mkononi, nimemshika dereva shati. Kabla ya hapo nilikwenda kwa Abdi kumwambia petroli yake ilikuwa inasema kweli, na nikamwomba Taban msamaha mbele yake. Taban akasema, "Madam, hakuna shida. Mimi iko nazoea kusemwa." Jibu hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Ijumaa Keji alilikagua gari kama askari wa mpakani. Alitoa jeki, akatoa tairi la akiba, akatoa hadi chupa ya maji ya Taban. Tukapima bila ngao, tukapima na ngao, zamu kwa zamu. Wanawake wa makaa walituita kwa majina tuje tununue. Keji aliwatazama kwa jicho ambalo hawatalisahau. Saa saba tukamaliza. Bila ngao, thelathini na tano. Na ngao, thelathini na sita. Sekunde moja, na kwa mkono wa binadamu kwenye stopwochi, sekunde moja si kitu.

"Kalas," nikasema. "Imekwisha."

"Haijaisha." Alikuwa amekaa kwenye bampa, daftari juu ya magoti. "Nipeleke kwa mizani ya Abdi. Na uje na gunia ambalo hujafungua."

Sikuelewa, na sioni aibu kusema hivyo. Nililileta.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Sisi mafundi, mnavyojua, tunakaa nyuma karibu na mlango, na hatuulizwi kitu. Keji aliweka namba za kwanza ukutani, zile nzuri. Akasema, "Hizi ni za uongo." Watu wakaguna. Akaweka za Ijumaa. "Hizi ni za kweli. Ngao niliyoitengeneza haisaidii."

Daktari akaegemea mbele. "Kwa hiyo umetengeneza kitu kisichofanya kazi?"

"Ndiyo. Na nimekipima barabarani."

Mtahini wa nje alikuwa mama mdogo wa umbo, miwani imening'inia shingoni. Akaivaa. "Unajuaje kwamba za kwanza ndizo za uongo? Huenda ni hizi za Ijumaa."

Nadhani Keji alikuwa ameomba Mungu aulizwe hilo. Alieleza kwamba namba za Ijumaa zinampa nguvu ya upepo na nguvu ya matairi. Kisha alizichukua zile sekunde arobaini na moja akauliza: ili gari lifike huko kwa nguvu hizo, lingepaswa kubeba kiasi gani cha ziada? Akaandika hesabu ubaoni, mstari kwa mstari, bila karatasi. Ikatoka kilo mia tatu na kidogo. Akapiga mstari chini yake. Akasema siku ile ndani ya gari kulikuwa na magunia sita ya makaa ambayo hakuna aliyeyaandika popote, na kwamba siku ya Jumamosi gunia moja lisilofunguliwa lilipimwa kwenye mizani ya duka, likawa kilo hamsini na mbili.

Halafu profesa akacheka, si kwa dharau, kama mtu aliyepewa kitu kizuri. "Umepima makaa kwa upepo," akasema. "Nani aliyapakia?"

"Jaribio ni langu," Keji akasema. "Mimi ndiye nilipaswa kuchungulia nyuma."

Jamani, nilikuwa nimekaa. Mbele yangu walikuwa wanafunzi mia, na karibu kila mmoja wao nilishamfokea kwa kipimo kibaya. Nikasimama.

"Ni mimi, Profesa. Mimi ndiye fundi wa karakana. Niliyapakia mimi."

Vichwa vyote viligeuka. Kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Profesa alinitazama juu ya miwani.

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Na katika miaka hiyo, umepakia makaa kwenye majaribio ya wanafunzi mara ngapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua. Nilitaka kusema hii ni mara ya kwanza, lakini sikuwa na haki ya kulisema hilo.

"Sijui," nikasema. "Hii ndiyo niliyoigundua."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, kirefu. Keji alipita, na mama yake alipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio. Lakini mimi swali lile lilirudi nyumbani na mimi, na bado liko. Nimewapimia wanafunzi wangapi? Wangapi walirudishwa mwaka kwa namba zangu, na wangapi waliondoka bila digrii, na mimi nikiwa na hakika, nimepiga meza?

Daftari zangu zote kumi na nane ziko kwenye kabati la chuma, upande wa dirisha. Nimeliacha bila kufuli. Anzeni na zile za waliofeli. Pimeni upya kila mnachoweza kukipima, wawili wawili, na mkikuta nilipokosea, msinistahi kwa sababu ya mvi. Andikeni kosa, andikeni jina langu pembeni yake, halafu mtafuteni huyo mtoto, popote alipo, mwambieni.